Chokaa Haina Bei

Sonara Rastogi kaniambia niandike kadi:
maneno machache, wino mweusi, bila porojo.
Basi naandika. Kijaluba. Fedha. Lakhnau.
Umri: naacha nafasi.

Mwenye mali ameketi mbele yetu, Bi Kudsia.
Viatu kavivua mlangoni ingawa hakuna aliyemwomba.
Mkoba mapajani, ndani ya mkoba taulo,
ndani ya taulo kile tulichokisubiri tangu Jumanne.

Kifuniko ni kuba dogo; juu yake kasuku
ameng'ata kitu, ua labda, labda pilipili.
Viganja vimemsugua mdomo hata haijulikani.
"Pilipili," asema Bi Kudsia. "Fundi alikuwa na mke mkali."
Naandika: kasuku.

Ndani, vyumba saba, kama mtaa wa watu wanaosalimiana:
hapa popoo, hapa katu, hapa iliki na karafuu,
hapa tumbaku ambayo mama mkwe aliapa si yake.
Chumba cha sita kimepoteza mfuniko;
kimefunikwa kwa kipande cha kopo la chai.
"Dosari," asema Rastogi, akiitazama kalamu yangu.
"Dosari gani? Ule wa fedha alilipwa mkunga
usiku aliozaliwa mume wangu.
Mvua ilikata njia, na mkunga hakutaka nafaka."
Kalamu inasita.
Naandika: mfuniko mmoja si wa asili.

Kisha mizani. Gramu mia nne na kumi na mbili.
Sonara anatia ukucha chumba cha saba, anakwaruza.
"Humu mna chokaa, mama. Imeganda jiwe.
Fedha nanunua, chokaa sinunui.
Tukitumbukize kwenye tindikali, dakika mbili tu,
kitang'aa kama kimetoka kwa fundi jana."

"Jana ya nani?"

Ananishika mkono, mimi karani,
ambaye hata jina langu halijui,
anakizamisha chanda changu chumbani mle.
Chokaa ina mfuo. Mfuo umepinda kushoto kidogo,
kwa kuwa wa kwanza kukitumia alikuwa mashoto,
na waliofuata, wake wa wana, na wake wa wana wao,
walipita njia iliyokwisha kuchongwa
hata mkono wao wa kulia uliponung'unika.
Chanda changu kimelala humo
kama mgeni aliyepewa kitanda cha mwenye nyumba.

Kesi ya nyumba yao ina miaka ishirini na sita.
Wakili anakula kuliko mchwa, na hatemi.
Haya hakuyasema. Nimeiona barua ya mahakama
ikichungulia mkobani, na muhuri wake wa zambarau.

Anachomoa pini nyweleni.
Kisu cha sonara anakikataa, tindikali anaikataa.
Anachokoa taratibu, kama mtu anayechambua mchele,
na ile njia inavunjika vipande vitatu
juu ya gazeti, kwenye habari za kriketi.
Gazeti analikunja mara nne,
analitia mkobani, ubavuni mwa barua.

Mizani tena: mia tatu tisini na nane.

Rastogi anahesabu noti, analamba kidole, anahesabu upya.
Bi Kudsia hahesabu. Anatafuta kiatu cha pili
ambacho paka wa dukani amekilalia.
Kijaluba cha tambuu. Vyumba saba. Hali: nzuri.
Kadi imejaa, au mkono wangu umechoka,
naiegemeza kwenye kioo cha kabati.

Usiku nanawa, naketi kula,
na chanda kinaniwasha kwenye ufa wa ngozi.
Chokaa ni chokaa; haiulizi mwenyewe ni nani.
"Umeshika nini leo?" mke wangu auliza.
Nafungua mdomo nimjibu
ndipo nakumbuka ile nafasi ya umri,
sikuijaza.